Butembo Haitajiwashia Taa Peke Yake

Ukikaa na wazee wa biashara wa Butembo, hata kwa kikombe kimoja cha chai, utawasikia wakisema: mji huu tulijijengea wenyewe. Husema kwa fahari, na fahari hiyo ina haki yake. Wafanyabiashara wetu walifuata bidhaa Dubai na Guangzhou wakati benki hazikuwepo na barabara zilikuwa tope tupu. Kanisa Katoliki lilifungua Chuo Kikuu cha Graben mwaka 1989, Kinshasa ikiwa imechoka. Mitaa imechongewa barabara kwa salongo, yaani kazi ya pamoja ya wakazi, madarasa yamejengwa kwa michango ya wazazi, na uwanja wa ndege wa Rughenda una jasho la wafanyabiashara. Hakuna mwenye akili atakayeifuta historia hiyo.

Tatizo ni hitimisho linalotolewa humo. Siku hizi, umeme unapozungumzwa redioni, sokoni au nje ya kanisa baada ya misa, wengi humalizia hivi: serikali haikutujengea mji, haitatuletea umeme, sheria imeshafungua soko, basi kampuni zije, wenye fedha wawekeze, kila nyumba inunue kwa kadiri ya mfuko wake, na serikali ikae mbali isije ikaharibu. Hoja hii husikika kama hekima ya watu walioumwa na nyoka. Mimi, mkazi wa komine ya Vulamba, naipinga kuanzia mzizi hadi jani. Inakosea juu ya namna umeme unavyofanya kazi. Inakosea juu ya historia ya umeme uliokwisha kutufikia. Na mbaya zaidi, inamsamehe mdaiwa wetu mkubwa deni ambalo Katiba yenyewe imeliandika.

Tuanze na namna umeme unavyofanya kazi, kwa kuwa huko ndiko hoja inakoanguka kwanza. Wafanyabiashara kumi wanaweza kufungua maduka kumi katika barabara moja, wakashindana, na mnunuzi akafaidika. Kampuni kumi haziwezi kusimamisha nguzo kumi mbele ya mlango mmoja bila kila moja kumtwika mteja gharama ya nguzo zake. Anayetangulia kuvuta waya ndiye anayeushika mtaa, na aliyeushika mtaa hana wa kushindana naye. Akipandisha bei, jirani yako hawezi kukuuzia umeme mwingine kama ambavyo angekuuzia sukari nyingine. Hapo soko limekwisha. Kinachobaki ni mwenye waya na asiye na waya. Ndiyo maana nchi zinazoamini biashara huria kuliko sisi zina mamlaka za umma zinazopanga bei ya umeme, zinazosema nani aweke nguzo wapi, na zinazomlazimisha mwenye nguzo kuwaunganisha hata wale ambao hawamletei faida kubwa. Mji wetu umeshaona mabishano marefu kuhusu nani ana haki ya kusambaza umeme katika mitaa ipi. Yalikuwa mabishano ya lazima kutokea: mechi ilianza kabla refa hajafika uwanjani.

Kisha kuna maji. Umeme wa bei nafuu katika milima yetu unatoka mitoni, na mto si shamba la mtu. Unapita katika maeneo ya machifu, mashamba ya wakulima na vijiji vya chini vinavyochota maji yale yale. Nani apewe maporomoko, kwa miaka mingapi, kwa masharti gani, na aliye chini ya bwawa apate nini? Hakuna soko linaloweza kujibu maswali hayo. Ni lazima mamlaka yajibu, na yasipojibu kwa haki, atajibu mwenye nguvu.

Na kuna fedha. Wakongwe wanaikumbuka SENOKI, shirika lililoundwa na wafanyabiashara wa hapa kwa nia ya kuzalisha umeme katika maporomoko ya Ivugha. Watu hao hawakukosa akili wala uzalendo. Hata hivyo miaka ikapita, na mji ukaendelea kuishi kwa jenereta. Sababu iko katika tabia ya mtaji wenyewe. Fedha ya mfanyabiashara wa Butembo huzunguka: kontena linaondoka China, linashuka Mombasa, linavuka Kasindi, linauzwa, na fedha inarudi kabla ya mwaka kwisha. Fedha ya kituo cha maji huzama siku ya kwanza na kurudi pole pole kwa miaka ishirini au thelathini. Mtaji wa namna hiyo unahitaji mkopo wa muda mrefu, mkataba unaoheshimiwa na mahakama, bei inayojulikana mapema na dhamana ya mtu asiyefilisika. Vitu hivyo vyote hutengenezwa na dola. Kuwaambia wafanyabiashara wetu wafanye bila hivyo ni kuwatwika mzigo usiobebeka, halafu kuwalaumu kwa kuchelewa.

Wakati tunangoja, tazama kujitegemea kwetu kunavyofanana. Kinyozi, mchomeleaji, mwenye kinu cha kusagia mihogo na mwenye friji ya samaki wanawasha jenereta. Jenereta ndogo ya petroli, hasa ikibeba mzigo mwepesi, hula nusu lita au zaidi ili kutoa kilowati-saa moja. Petroli hiyo imepanda lori kutoka pwani ya Kenya, imevuka Uganda, imelipa ushuru Kasindi, imepita katika barabara ambayo kila mmoja anajua hatari zake. Mtu anayewasha taa kwa mafuta hayo na kusema hamtegemei mtu amesahau kuwahesabu wote waliolipwa njiani. Wa mwisho kulipa ni mteja wa kinyozi.

Wapo watakaoniambia: hayo ni maneno, tuonyeshe mahali ambapo serikali imesaidia. Sihitaji kwenda mbali. Nitavuka Rwenzori.

Mlima ni mmoja. Upande wa magharibi tunaishi sisi Wanande, upande wa mashariki wanaishi Wakonzo, ndugu zetu. Tunaelewana bila mkalimani na wengi wetu tuna wajomba huko. Mvua inayonyesha juu hugawanyika bila kuuliza pasipoti. Mto Lubilia wenyewe ndio mpaka, unapita kati ya Kasindi na Mpondwe. Juu ya mto huo, upande wa Kasese nchini Uganda, kuna kituo cha megawati 5.4 kilichoanza kazi mwaka 2018. Juu ya Mubuku kuna Bugoye, megawati 13, tangu 2009. Juu ya Nyamwamba kuna kingine cha megawati 9.2. Vyote hivi vimejengwa na kampuni binafsi, na wapinzani wangu watafurahi kusikia hivyo. Lakini wasiishie hapo, waulize kampuni hizo ziliingiaje.

Ziliingia kwa sababu Uganda ilitunga sheria ya umeme mwaka 1999 na kuunda mamlaka ya udhibiti, ERA, yenye ofisi, wahandisi na madaraka ya kweli. Ziliingia kwa sababu kampuni ya umma ya usafirishaji, UETCL, ilikuwa mnunuzi anayejulikana, mwenye mkataba wa miaka mingi. Na mwaka 2013 serikali hiyo, pamoja na benki ya maendeleo ya Ujerumani KfW, ilianzisha mpango wa GET FiT, uliowaongezea wazalishaji wadogo wa umeme safi malipo juu ya bei ya kawaida ili benki zikubali kuwakopesha. Lubilia na Nyamwamba ni matunda ya mpango huo. Tofauti kati ya upande wao na wetu haiko katika mvua, wala katika ujasiri wa wafanyabiashara. Kwa ujasiri sisi hatujambo. Iko katika sera iliyoandikwa, ikafadhiliwa na kufuatwa.

Sisemi Uganda ni pepo. Kasese nako kuna vijiji vyenye giza, na wananchi wa huko wamelalamikia bei kwa miaka. Lakini angalia walichofanya na malalamiko hayo: mkataba wa Umeme, kampuni binafsi iliyokuwa ikisambaza tangu 2005, ulipofika mwisho Machi 2025, serikali haikuurefusha; usambazaji ulirudi kwa kampuni ya umma, UEDCL. Uamuzi huo unaweza kuwa mzuri au mbaya, muda utasema. Kinachonihusu ni kwamba walikuwa na mkataba wenye tarehe ya mwisho na mwenye madaraka ya kuuamua. Sisi, raia wa Butembo na Beni, ni mkataba gani tunaoweza kuufungua tukaonyeshana tarehe yake?

Hapo hunijia jibu ambalo wengi hulitoa kama msumari wa mwisho: lakini umeme tulionao uliletwa na watu binafsi! Mutwanga, Luviro, jua la Beni: wapi serikali? Jibu hili limerudiwa mara nyingi hadi limekuwa kama ukweli, kwa hiyo nitalichambua taratibu.

Virunga Energies ni tawi la taasisi inayoendesha Hifadhi ya Taifa ya Virunga kwa ubia na ICCN, ambayo ni taasisi ya umma ya Kongo. Kituo cha kwanza cha Mutwanga, chini ya Rwenzori, kilianza 2013 kikiwa na megawati 0.4, baadaye kikafuata kikubwa zaidi, na umeme huo ukazaa kazi, mpaka kiwanda cha chokoleti ya kakao yetu wenyewe. Matebe, huko Rutshuru, megawati 13, kilizinduliwa mwishoni mwa 2015. Luviro, katika Lubero yetu, kina megawati zipatazo 14. Ni kazi ya kuheshimiwa, na wapo waliokufa wakiilinda hifadhi ile. Lakini uliza fedha ilitoka wapi. Sehemu kubwa ilitoka Umoja wa Ulaya, yaani kodi ya muuza mkate wa Ubelgiji na dereva wa basi wa Ureno. Nyingine ilitoka katika mfuko wa hisani wa Howard Buffett, nyingine kwa mkopo wa taasisi ya maendeleo ya serikali ya Uingereza. Kampuni ya Nuru, iliyowasha mtandao mdogo wa jua Beni mwaka 2017, wa kwanza wa aina yake nchini, na kisha ule wa megawati 1.3 wa Goma mwaka 2020, ilipotafuta mtaji wa kupanuka iliingiza kati ya wawekezaji wake IFC, mkono wa Benki ya Dunia, ambayo wenye hisa zake ni serikali.

Kwa hiyo umeme tunaouita wa watu binafsi umesimama juu ya fedha ya umma. Kilichokosekana ni umma wetu. Walipa kodi wa nchi za mbali wameweka fedha ili taa iwake Lubero, na mlipa kodi wa Kongo, ambaye analipa Kasindi kila siku, hana senti yake humo wala sauti yake. Anayetumia mfano wa Virunga kuthibitisha kwamba dola haihitajiki amethibitisha kinyume chake: bila dola fulani mahali fulani, mitambo ile isingezunguka. Na fedha ya mgeni ina kalenda ya mgeni. Siku vipaumbele vya Brussels vitakapobadilika, Butembo haitaulizwa.

Sasa tugeukie sheria. Imeenea imani kwamba Sheria Na. 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliiondoa serikali katika umeme. Ni usomaji wa nusu ukurasa. Sheria hiyo ilivunja ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa lililoundwa 1970, na hilo lilikuwa jema, kwani ukiritimba ule haukuwahi kutufikishia gridi. Lakini sheria ile ile inautambua umeme kuwa huduma ya umma. Inaweka ngazi za ruhusa, kutoka mkataba wa umiliki wa muda hadi tamko dogo kwa anayezalisha kidogo. Inaanzisha mamlaka ya udhibiti, ARE, na wakala wa kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji, ANSER. Vyombo hivyo viwili vilipewa maagizo yake mwaka 2016, na viongozi wa ARE wakateuliwa miaka minne baadaye. Mwaka 2018 ikatolewa amri ya kupunguza kodi na ushuru katika uzalishaji na uingizaji wa umeme. Hakuna humo ibara inayosema kila mtu ajipiganie. Sheria ilifungua mlango kwa wawekezaji na wakati huo huo ikaahidi mlinzi wa mlango. Wawekezaji wamefika kabla ya mlinzi. Badala ya kumdai mlinzi wetu, tumefundishwa kushangilia kwamba mlango uko wazi.

Juu ya sheria iko Katiba ya 2006. Kifungu cha 48 kinasema haki ya kupata maji safi na nishati ya umeme inadhaminiwa. Tukisema umeme ni jambo la kila mtu na mfuko wake, tunakifuta kifungu hicho kwa mikono yetu, bila hata kulipwa.

Najua kwa nini watu wanaogopa neno la umma katika umeme: wanaiona SNEL. Wanaona mabwawa ya Inga, yenye mitambo ya megawati 351 iliyofunguliwa 1972 na 1,424 iliyofunguliwa 1982, na laini ya kilomita 1,700 iliyovutwa hadi Kolwezi kwa ajili ya shaba, ikipita juu ya vijiji visivyo na hata taa moja. Wanaona nchi ambayo, pamoja na maji yote hayo, ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano mwenye umeme. Hasira yao ni yangu. Lakini kosa la Inga lilikuwa kujenga kwa ajili ya mgodi na kumsahau raia, kisha kuacha mitambo bila matunzo na bila mdhibiti wa kuuliza. Ulikuwa uamuzi wa watawala wasiohojiwa. Dawa ya mtawala asiyehojiwa ni kuhojiwa; kumwondolea wajibu ni kumpa likizo. Na wanaotuambia tungoje Inga mpya ifike mpaka Kivu wanatuomba tulale kizazi kingine, hali maporomoko yako nyuma ya nyumba zetu.

Upande mmoja wa jambo hili hauguswi kabisa, nao unaonyesha vizuri zaidi kwa nini soko peke yake halitoshi. Mji mzima huzungumza megawati za kuzalisha. Nani anazungumza zile zinazopotea?

Taa ya kizamani ya wati 60 hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga uleule. Friji kuukuu zinazotupwa Ulaya hufika masokoni kwetu zikila umeme maradufu, na mota za vinu zilizofungwa upya mara kadhaa hunguruma siku nzima kwa kazi ndogo. Betri na paneli bandia hufa kabla ya mwaka. Katika mji ambao kila kilowati imegharimu mkopo wa miaka ishirini, huu ni uharibifu mkubwa, na soko haliwezi kuuponya. Mwenye duka hupata faida kwa kuuza friji ya bei ya chini, lakini bili ya umeme hailipi yeye. Mnunuzi haoni kwa macho friji italamba kiasi gani. Anayeuza hana sababu ya kusema, anayenunua hana njia ya kujua. Ni lazima kuwe na mtu wa tatu mwenye kipimo.

Wenzetu wamempata. Kenya mwaka 2010 iligawa kupitia shirika lake la umeme taa za kubana matumizi zaidi ya milioni moja bure, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kujenga kituo kipya cha kukidhi saa za jioni; mwaka 2016 ikaweka kanuni za viwango na lebo kwa friji, taa na mota. Ghana ilifunga mlango kwa friji za mitumba mwaka 2013. Sisi tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Tuna OCC, ofisi ya kudhibiti ubora wa bidhaa, na forodha iliyo macho Kasindi. Vifaa vyote hivyo hupita mbele ya macho yao. Mzani upo, mhuri upo, ada inalipwa. Kinachokosekana ni sera inayosema kifaa kinachokula umeme kupita kiasi kisivuke. Amri hiyo haihitaji bwawa wala mkopo wa Ulaya.

Na jikoni ni vivyo hivyo. Miji yetu inapika kwa kuni na mkaa. Mikaratusi ya vilima vyetu haitoshi, na msitu wa Virunga unalipa tofauti. Jiko bora la udongo na bati, kama lile Wakenya walilolisambaza tangu miaka ya 1980, hupunguza mkaa kwa kiasi ambacho kila mama anakiona katika gunia lake. Tunawatuma walinzi wakapigane na wachoma mkaa, hatuna mpango wa kupunguza njaa ya majiko yetu.

Sasa nafika kwenye pingamizi zito kuliko yote, na sitalikwepa. Mtu wa Beni ataniuliza: unataka tumwamini nani? Serikali hii? Tangu Oktoba 2014 tunazika watu waliochinjwa. Tuliletewa hali ya kuzingirwa Mei 2021, utawala ukakabidhiwa wanajeshi na polisi, na mazishi hayakukoma. Serikali isiyoweza kulinda shingo italinda mita ya kashpawa, ile ya kulipia kabla?

Swali hilo lina damu ndani yake na linastahili jibu la heshima. Jibu langu ni kwamba sikuombi umwamini mtu. Kuamini na kudai ni mambo mawili. Serikali haiko mbali nasi kama tunavyojiambia: iko Kasindi ikikusanya ushuru, iko sokoni ikikusanya kodi, iko barabarani kwenye vizuizi. Iko kila mahali pa kuchukua. Kifungu cha 175 cha Katiba kinaagiza asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ibaki mikoani. Kila mwenye macho anajua agizo hilo limetekelezwaje. Tunapotamka kwa fahari kwamba hatuihitaji, anayefurahi zaidi ni yule aliyekula sehemu yetu. Tumemwandikia risiti ya deni ambalo hajalipa.

Tena tumeshaonja gharama ya kukosa umeme wa umma. Ebola ilipotangazwa Agosti 2018 huko Mangina na kuingia Butembo na Katwa, chanjo iliyotuokoa ilitakiwa kutunzwa katika baridi kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Ililindwa kwa vifaa maalumu na jenereta, kwa fedha ya dunia nzima, kwa kuwa dunia nzima iliogopa. Zaidi ya watu 2,200 walikufa kabla ya ugonjwa kutangazwa kwisha Juni 2020. Lakini mama anayejifungua usiku katika kituo cha afya cha pembezoni haogopeshi dunia. Baridi ya dawa zake na taa ya mkunga wake hazina mfadhili wa dharura. Soko halitamfikia kwanza, kwa sababu yeye si mteja mzuri. Ni kwa ajili yake neno huduma ya umma lilibuniwa.

Hali ya leo inazidisha uzito wa madai haya. Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, serikali ya mkoa inafanya kazi kutoka Beni. Matebe na Goma ziko upande wa pili wa mstari wa vita. Kaskazini ya mkoa italazimika kuishi kwa maji yake, jua lake na waya zake. Na mwezi ule ule wa Januari 2025, huko Dar es Salaam, nchi yetu ilikuwa kati ya 12 zilizowasilisha ahadi za umeme mbele ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikilenga kuvuka nusu ya wananchi ifikapo 2030. Ahadi hiyo imetolewa kwa jina letu. Gavana hayuko tena mbali. Yuko mwendo wa asubuhi moja kutoka Vulamba. Basi tumpelekee orodha.

Kwanza, mikataba ya kila kampuni inayouza umeme Butembo na Beni iwekwe wazi katika ofisi ya meya na katika komine zote, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, pamoja na zile za Beni: eneo lake, muda wake, bei yake, na tarehe za kufikia kila mtaa. Pili, ARE iwe na mtu hapa, na bei isipandishwe kabla ya kikao cha hadhara; kiasi cha kwanza cha umeme, kile cha taa na simu, kiwe na bei ya chini kwa wote. Tatu, nguzo ziwe za kushirikiana, kwa ada inayojulikana, ili mteja asilipe nguzo mbili. Nne, sehemu ya kodi inayokusanywa Kasindi iwekwe katika mfuko wa kuwaunganisha maskini kwa malipo ya pole pole, na shule, visima vya maji na vituo vya afya vitangulie. Tanzania ilifanya hivyo kupitia wakala wake wa nishati vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya 2005 na kulishwa na tozo ndogo za umeme na mafuta. Tano, ANSER ifike Lubero, Kyondo na Musienene na vipimo vya mito mkononi, na maporomoko madogo yatolewe kwa zabuni ya wazi ambayo wafanyabiashara wetu, pamoja na ndoto yao ya Ivugha, wanaweza kuishinda. Sita, OCC ipewe viwango na kuvitumia.

Hakuna hata moja katika haya linalomfukuza mwekezaji. Mwekezaji makini huyapenda, maana humhakikishia kesho. Anayeyachukia ni yule aliyezoea kufanya kazi gizani, awe na kampuni au awe na cheo.

Wazee wetu walijenga shule kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumdai. Leo mdaiwa yupo, jina lake limeandikwa katika sheria, na ofisi yake iko Beni. Tukiendelea kujisifu kwamba tunajitosheleza, wenye jenereta kubwa watajitosheleza kweli, na waliobaki watanunua mafuta kwa chupa. Tuache kujisifu kwa hilo. Tudai mikataba ifunguliwe, kuanzia mtaa hadi mkoa, na kila atakayetuomba kura au kodi aulizwe kwanza juu ya umeme.